Mguu wa Kushoto wa Shangazi Dominika

Kiatu cha kushoto cha shangazi yangu Dominika kilikuwa kikiisha soli kabla ya cha kulia, naye alijivunia hilo. Ni kwa kukanyaga klachi. Tangu serikali iliporuhusu biashara huria, akauza ng'ombe na kununua pikapu iliyotumika Japani, alikuwa akishusha ndizi kutoka Marangu hadi sokoni Moshi, gia anabadili mwenyewe, dereva hataki. Gari la otomatiki aliliita kiti cha wavivu.

Mwaka 2005 goti la kushoto likagoma. Siku moja mlimani mguu ulitetemeka kwenye klachi mpaka gari likarudi nyuma na kuegemea mgomba. Pikapu ikaegeshwa. Honi yake ya alfajiri ikanyamaza, na shangazi akawa mkali hata kwa kuku. Nilimwonea huruma, ila sikuthubutu kumwambia.

Krismasi mwanawe Gidioni akaja kutoka Dar na gari la Ulaya.

"Hili lina klachi mbili, mama."

"Moja imenishinda, wewe unaniletea mbili?"

Gidioni akaeleza kwamba hizo hazikanyagwi, gari linajikanyagia lenyewe. Klachi moja inashika gia iliyopo, nyingine imeshaandaa inayofuata, basi gia inaingia kufumba na kufumbua. Otomatiki ya kawaida hupitisha nguvu kwenye mafuta ya giaboksi, ndiyo maana huondoka polepole, kwa ulaini.

Akampa usukani twende kwa babu, mimi nyuma na ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Kona ya kwanza tu, mguu wa kushoto ukatafuta klachi, ukakuta breki, ukaikandamiza kwa nguvu zote. Gidioni akasalimiana na kioo, mbege ikanimwagikia. Tulicheka, isipokuwa mwenye gari.

Mlimani tukakwama nyuma ya watu waliotoka misa. Sogea, simama, sogea. Gari likaanza kushtukashtuka, kukanuka kuungua, taa ya giaboksi ikawaka.

"Klachi zinachemka," Gidioni akasema. "Hazipendi kutambaa hivi."

Shangazi akazima injini. "Hili lina haraka, mwanangu. Mimi nina ndizi. Nitafutie kile kiti cha wavivu."

Februari, alfajiri, nikasikia honi. Nilitoka mbio, khanga inaburuzika, na machozi yalinilenga kwa furaha. Shangazi alikuwa ndani ya pikapu kuukuu ya otomatiki, mikungu imejaa nyuma.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba."

Nikachungulia chini. Mguu wa kulia umevaa kiatu, wa kushoto uko peku.

"Kiatu kingine kiko wapi?"

"Nyumbani," akasema, huku akianza kuondoka. "Huu ukivishwa kiatu unadhani umeitwa kazini."