Rozari Iliyotuzunguka

Mimi napika pombe ya ulezi. Nalisema mapema ili mwenye kukunja uso akunje sasa, tuendelee. Nimeipika tangu mume wangu alipofariki, na pombe hiyo ndiyo iliyoezeka nyumba yangu bati na kusomesha watoto wangu wawili, mmoja sasa yuko Sumbawanga mjini na mwingine Matai. Kanisani napiga magoti kama wengine. Wengi wanaopiga magoti pamoja nami nawajua vizuri kuliko wanavyopenda: najua nani akilewa hulia, na nani akilewa huanza kuhubiri.

Kijiji chetu kiko upande wa Kaengesa, kwenye uwanda usio na mahali pa kujikinga na upepo. Labda ndiyo sababu nyumba zetu zimesogeleana. Ukikohoa, jirani anakwambia pole bila kutoka kitandani.

Oktoba ni mwezi wa rozari. Jioni, kazi zikiisha, jumuiya yetu hubeba sanamu ya Bikira Maria kwa nyimbo kutoka nyumba moja hadi nyingine. Kila nyumba huipokea siku moja. Watu husali rozari uani, sanamu hulala pale, na kesho yake jioni huhamia kwa jirani. Mwenye nyumba hufagia mpaka njiani, hutandika kitambaa cheupe, huazima viti. Usiku ule hata wanandoa wanaogombana hugombana kwa kunong'ona.

Wakati huo mama yangu alikuwa akiishi kwangu. Miguu ilikuwa imemkatalia, na kanisani alikuwa haendi tena. Alikaa chumbani kwake, kitanda kikiwa chini ya dirisha, na tasbihi yake nyeusi ambayo punje zake zilishakuwa laini kama maharage yaliyolowekwa. Padre alimletea komunyo alipoweza, na hakuweza mara nyingi. Kwa hiyo ile jioni moja ya Oktoba, watu wote wakiwa kwetu wanaimba, ndiyo iliyokuwa Krismasi yake na Pasaka yake. Ilikuwa ikianza Septemba kwake. "Kitambaa umefua?" Nimefua, mama. "Kikauke vizuri, kisinuke moshi."

Mwaka ninaousimulia, kikao cha jumuiya kiliamua kwamba sanamu isiingie katika nyumba inayouza pombe. Sababu ilikuwepo, siwezi kuwasingizia. Mwaka uliotangulia, mlevi mmoja alijiunga na maandamano akaimba wimbo wake mwenyewe, usiohusiana kabisa na Bikira Maria. Ni kweli aliimba, na ni kweli alikuwa ametoka kwangu. Lakini mama aliyejifungulia zizini, katikati ya ng'ombe, sikuamini kwamba angekimbia harufu ya kimea.

Mwenyekiti alikuja mwenyewe kuniambia. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu safi, mnyoofu, asiyejua kuchelewa. Alisimama mlangoni asikubali kiti.

"Mama, ni uamuzi wa kikao."

"Shikamoo, mwalimu. Na mama yangu mle ndani anauza nini?"

"Marahaba. Nyumba ni moja."

"Na waliopitisha? Mikono waliyoinyoosha kikaoni ndiyo hiyo hiyo wanayoninyooshea Jumapili jioni wakitaka niwaongeze."

"Usinijibu hivyo. Mungu hutukosoa kwa kinywa cha kanisa lake. Pokea."

"Na kanisa likikosea," nikamwuliza, "Mungu analikosoa kwa kinywa cha nani?"

Akatazama saa yake, akasema ana kikao kingine.

Nililia siku hiyo. Sikulia kwa unyonge, nililia kwa hasira, maana hayo ndiyo machozi ninayoyaweza. Nilizunguka chumbani kwa mama nikiapa kwamba mguu wangu hautakanyaga tena jumuiyani, na yeyote wa jumuiya akija kunywa nitampa maji. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: "Watapita karibu?"

Watapita karibu sana. Nyumba yetu imekaa katikati: kuna jirani wa kushoto, jirani wa nyuma na jirani wa kulia. Kwa jinsi zamu ilivyopangwa, sanamu ingetuzunguka jioni tatu mfululizo, kama watu wanavyozunguka dimbwi njiani, halafu iende zake.

Jioni ya kwanza walikuwa kwa jirani wa kushoto. Nilikaa pembeni ya kitanda cha mama, nimekunja mikono. Mwenyekiti alianza rozari kwa mwendo wake wa siku zote, yaani mwendo wa mtu anayewahi basi la Mbeya. Salamu Maria ikafuata Salamu Maria, na watu wakaitikia kwa pamoja. Mara nikamsikia mama, hapo hapo kando yangu, akiitikia kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Dirisha alikuwa amelisukuma wazi.

Mama alifundishwa kusali na watawa wa zamani, waliotaka kila neno limalizike kabla jingine halijaanza. Na pumzi yake ilikuwa fupi. Wenzake walipofika "Amina", yeye alikuwa ndiyo kwanza yuko kwenye "utuombee". Sauti yake ikabaki peke yake hewani, nyembamba, inapanda. Uani kwa jirani nikasikia mtu akicheka, na mwingine akimkemea huku naye anacheka. Mwenyekiti akaanza Salamu Maria nyingine juu ya sauti yake. Ikawa hivyo mpaka mwisho: yeye anamfunika, mama anaendelea.

"Mama, acha," nikamwambia. "Wanakucheka."

"Sikuwa nasali nao ili wasinicheke."

Nikaona aibu, tena si kwa ajili yao. Nikamwekea mto vizuri, nikatoka kwenda kukoroga pipa langu.

Jioni ya pili walikuwa nyuma ya nyumba, na upepo ulikuwa unatoka kwetu kwenda kwao. Sasa kila mtu alimsikia. Tendo la kwanza, yaani zile Salamu Maria kumi za mwanzo, likaenda kwa vurugu ile ile. Katika tendo la pili, mwenyekiti alipofungua kinywa kuanza nyingine, mwanamke mwenye nyumba ile, ambaye ndiye mwimbishaji wetu, akasema kwa sauti isiyo na ubishi, "Ngojeni, bibi hajamaliza."

Kukawa kimya. Mama akamaliza taratibu zake, akasema "Amina" yake.

"Tunachelewa," mwenyekiti akasema.

"Tunakwenda wapi, mwalimu?" mtu akauliza, na watu wakacheka, ila kicheko cha siku hiyo hakikuniuma.

Kuanzia hapo walimsubiri. Mara ya kwanza na ya pili nilisikia watu wakijisogeza kwenye viti, kikohozi hapa na pale. Baadaye utulivu ukawakolea. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza kwa jumuiya yetu kusikia maneno yale yakisemwa mpaka mwisho. Hata mimi, niliyekuwa bado nimewanunia, nilijikuta nimekunjua mikono.

Watu wakifika leo kutoka jumuiya nyingine husema rozari yetu ni ya kizembe, wanauliza kama tumesahau maneno. Tunawaachia wafikiri hivyo. Ukimya ule baada ya kila Amina ulianzia kwenye dirisha la mama yangu, na kuna mambo ambayo yameingia katika ukimya huo ambayo vikao vyote vya mwalimu havikuyaleta. Mwanamume mmoja alimwomba ndugu yake msamaha humo humo, katikati ya tendo la nne la uchungu, mbele yetu wote.

Lakini nilikuwa nasimulia jioni ya tatu. Walikuwa kwa jirani wa kulia, karibu zaidi kuliko siku zote. Kesho yake sanamu ingevuka barabara, na ndiyo ingekuwa imeondoka kwetu mpaka Oktoba nyingine, ambayo kwa umri wa mama hakuna aliyeweza kumwahidi. Mwenyekiti akaanza, taratibu safari hii. Watu wakaitikia. Kisha wakanyamaza, wakimsubiri mama.

Mama hakuitikia.

Niligeuka haraka. Alikuwa amefumbua macho kabisa, tasbihi mkononi, ananitazama. Akaweka kidole mdomoni.

Kule nje mwenyekiti akasubiri, akaanza ya pili. Wakaitikia, wakasubiri tena. Kimya. Nikasikia mtu akiita jina la Yesu kwa hofu. Nikataka kupiga kelele kwamba yu mzima, kwamba ni ukorofi wake tu, na mama akanishika mkono kwa nguvu nisiyojua alikuwa nayo. Mimi, ambaye sijawahi kumeza neno likakaa tumboni, nilikaa kimya. Ilikuwa kazi kubwa kuliko kubeba pipa.

Viti vikaburuzwa, miguu ikakimbia. "Hodi! Hodi humu!" Kabla sijajibu mwenyekiti alikuwa ameshafika mlangoni mwa chumba, kofia mkononi, jasho usoni, na nyuma yake uso juu ya uso. Nilikuwa sijawahi kumwona mwalimu yule akiogopa. Alipomwona mama amekaa, ameegemea mto wake, alishika fremu ya mlango.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba. Karibuni."

"Mama, mbona umenyamaza? Tulidhani..."

"Nilitaka nijue kama mnanisikia," mama akasema, "au mnanivumilia."

Nilikuwa na maneno mengi tayari, niliyoyapanga kwa siku nyingi, makali yote. Nikayatafuta nikakuta hayahitajiki.

Mwalimu aliinama. Kisha akawageukia wale waliokuwa nyuma yake. "Sanamu iletwe huku."

"Mwenyekiti, kikao kilipitisha," sauti moja ikasema toka koridoni.

"Kilipitisha, na mimi ndiye niliyekiongoza. Nilikosea. Tumepita nyumba hii siku tatu tukimwomba Mama wa Mungu atusikie, na mama huyu alikuwa anatuita kila dakika." Akasogea kando ya mlango. "Mleteni."

Wakamleta kwa kupita kwenye pengo la ua wa mabua, bila maandamano, bila hata wimbo, maana mwimbishaji alikuwa analia. Sikuwa nimefagia. Kitambaa cheupe kilikuwa kimekunjwa sandukuni, nikakitoa nikakitandika juu ya kigoda. Ndipo nikakumbuka pipa langu, lililokuwa pale pale koridoni linatoa povu, pombe ya kuiva kesho. Nikanyakua kanga niifunike.

"Acha, mama," mwalimu akasema. "Ni kazi yako. Na sisi sote harufu yake tunaijua." Akageuza ndoo, akakaa juu yake kando ya pipa, kwa kuwa mahali pengine hapakuwepo. Watu walijaa chumbani, koridoni na uani mpaka kwenye banda la kuku.

Akamwomba mama ataje nia ya sala, kama ilivyo desturi kwa mwenye nyumba. Nakiri nilitamani awaseme. Nilitamani sana. Mama akafikiri, akasema, "Tuombee mvua. Watu wameshalima."

Akaongoza yeye rozari nzima, neno kwa neno, na giza likaingia kabla hatujafika tendo la tatu. Nilimtazama usoni kwa mwanga wa kibatari. Furaha ilikuwa imemjaa hata akaonekana msichana, na mimi nikasamehe watu niliokuwa nimeapa kutowasamehe, kwa kuwa sikuweza kumtazama yeye na kuwachukia wao kwa wakati mmoja.

Walipotawanyika, mwalimu alibaki anarudisha ndoo mahali pake. Nikaona nimwulize, maana sanamu ingekaa kwangu mpaka kesho jioni.

"Mwalimu, kesho pombe imeiva. Wateja watakuja toka asubuhi, na Bikira Maria yuko ndani. Niuze, nisiuze?"

Nilitegemea anijibu kabla sijamaliza, ndivyo alivyokuwa. Akafungua kinywa. Akakifunga.

"Sijui," akasema.

Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema neno hilo. Akakaa tena juu ya ndoo. Nami nikakaa kizingitini, nikangoja pamoja naye, na kwa mara ya kwanza nilimwamini kweli kuwa ni kiongozi wangu. Pipa tu lilikuwa linatoa povu.

"Huko mmelala?" mama akauliza toka chumbani.

"Hapana, mama," mwalimu akajibu. "Tunasikiliza."

"Haya, sikilizeni basi," akasema. "Mimi nalala."