Jina Tuliloliacha Maporomokoni

Enzi zetu, mtu kwenda kutazama maporomoko ya maji hakuhitaji buti wala chupa yenye mrija. Tulihitaji viazi vitamu vya jana, akala miguuni, na Dani, nyanya yetu, aliyepanda milima ya Gwassi kama anayefuata mbuzi aliyepotea. Yeye alibeba pia mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia na kijiti. Huko juu hakuna aliyeitwa kwa jina. Ukimtaka mwenzako, unagonga mkebe.

"Jina la mtu aliye hai halitupwi ovyo kwenye maji yale," alituambia, mimi na dada yangu Atieno. "Kuna wenye kuliokota."

Atieno alikuwa na miaka saba. Mimi nilikuwa darasa la tano, yaani nilikuwa nimekwisha kujua kila kitu.

Nakumbuka harufu ya mawe yenye ukungu, baridi ya ghafla adhuhuri kweupe, na ndege walivyonyamaza wote kwa pamoja tulipoukaribia mngurumo. Tulipita maporomoko tukapanda hadi mwamba wa juu, ambapo ziwa lote linaonekana, kisiwa cha Rusinga kimelala na kile cha Takawiri ni kama punje ya mtama iliyodondoka. Dani akaketi kumenya viazi. Atieno alibaki nyuma akichuma matunda ya porini. Mkebe ulikuwa mapajani mwangu, lakini nikaona huo ndio wakati wa sayansi.

"Atieno!"

Mwamba wa ng'ambo ukajibu: Atieno.

"Umesikia, Dani? Ni mwangwi tu. Mwalimu ametufundisha."

Dani alikuwa ameacha kumenya. Mwamba ukaita tena, na safari hii mdomo wangu ulikuwa umefungwa. Sauti ilikuwa yangu.

Atieno aligeuka, akatabasamu, akaanza kuifuata, upande ambao hapakuwa na kitu ila genge. Dani alininyang'anya mkebe akaugonga mpaka kijiti kikavunjika. Dada yangu alisimama hatua mbili kutoka ukingoni.

"Kwani hukuwa huku?" aliniuliza, kidole chake kikionyesha hewani. "Si ulikuwa unaniita?"

Tukishuka, Dani alisema neno moja tu. "Profesa, jina hilo sasa ni la kule." Jioni hiyo alimpa dada yangu jina la marehemu dada yake, Akoth, na tangu siku hiyo hakuna nyumbani aliyemwita vingine. Wanangu wanamjua kama Shangazi Akoth. Mimi nikaenda chuo kikuu, nikapata shahada mbili, na sijawahi tena kumwita kwa lile la kwanza.

Mwezi uliopita niliwatoa mjini Migori binti yangu Awuor na binamu zake, tukaenda kutembea kulekule. Akoth alikataa kuja. Alitufuata hadi langoni, akanipa ule mkebe wa Dani.

Vijana wa siku hizi! Kabla ya kilima cha kwanza walikuwa wameshajipiga picha kama wanaoapishwa bungeni, na aliyechoka mapema zaidi ndiye aliyekuwa na viatu vya bei ghali zaidi. Nikawaambia huko juu tusiitane majina.

"Baba, na vile umesoma!" Awuor alicheka. "Hiyo si ni mwangwi tu?"

Akapanda mwambani akaita jina lake mwenyewe kwa kelele. Tukangoja. Mwamba haukurudisha kitu.

"Imeharibika," akasema, akavaa spika zake za masikioni.

Niliwaonea wivu, nakiri. Kwao maji ni maji na jiwe ni jiwe. Wanapita mahali wakiwa na majina yao kamili na kurudi nayo. Sisi tulitembea tukiwa tumeshika pumzi, na labda ndiyo maana tunakumbuka kila hatua.

Tulikuwa tumeshuka hadi kwenye vichaka ndipo nikasikia nyuma yetu, juu ya mngurumo, sauti ya mtoto wa kiume. Ilikuwa na majivuno, kama ya mtu wa darasa la tano. Iliita mara moja, ikanyamaza, ikaita tena. Nikagonga mkebe kwa nguvu zangu zote.

Awuor alisimama, akatoa spika masikioni.

"Baba," akasema, akitazama tulikotoka, "Atieno ni nani?"