Kangaga la Nyuma ya Maporomoko

Nilitoka Arusha kwa ajili ya kangaga la aina moja adimu. Daktari, Mjerumani mkusanya mimea niliyekuwa karani wake, alikuwa amelitafuta mlima Meru mzima asilione, nami nikajigamba kwamba shangazi yangu analijua. Nimesoma miaka mitatu tu misheni. Labda nilitaka kuonekana.

Asubuhi tulishika njia ya Makumira na wapagazi wanne. Daktari alitembea kwa miguu kama sisi, akala tulichokula. Naandika haya kwa sababu ni kweli.

Toka Makumira tulipanda kufuata mto. Kingoni makangaga yalijaa, majani yamechanika kama unyoya. Tukayapita.

Alasiri tulimkuta shangazi akipalilia migomba.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umekonda? Hizo karatasi unazobeba hazikulishi?"

Wapagazi wakacheka. Nilipomweleza haja yetu, alifikiri kwanza.

"Mwonyeshe, si unapajua pale nyuma ya maporomoko. Lakini achukue jani tu. Kangaga hilo likianza kujikunja ndipo tunajua chemchemi inapungua, tunafunga mfereji wa juu ili watu wa chini nao wapate maji."

Nikamfasiria Daktari. Akakubali.

Siku ya pili tuliliona nyuma ya maporomoko madogo, penye manyunyu: fungu moja tu, limetanda mwambani kama mkeka wa mtoto. Daktari akageuza jani. Vijimbegu vyake vya vumbi vilijipanga mstari ukingoni, mwembamba kama uzi. Akanigeukia.

"Ndilo. Yapo mengine?"

"Mengi, Bwana. Kando ya mto."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akasema wataalamu wa kwao wanataka na mizizi, na kwa kuwa mtoni yapo, tutampandikizia shangazi jingine. Tukang'oa lote. Kisu nilishika mimi.

Siku ya tatu nilishuka naye mtoni kuchukua la kupandikiza. Nikageuza jani: vijimbegu vya nukta nukta, hakuna mstari; si aina ile. La pili, nukta. Tulifuata mto hadi adhuhuri, nukta tupu. Nikamwomba turudishe mizizi mwambani. Ilikuwa imeshakatwa na kubanwa kwenye karatasi tangu jana. Hakunitukana. Alisema tu, "Nilikuuliza mara mbili."

Nilipanda peke yangu kwa shangazi, nikamwambia kangaga halipo tena mwambani.

"Kang'oa Mzungu?" akauliza.

"Nimeng'oa mimi, shangazi. Nilisema yapo mengine, nayo hayapo."

Akarudia kupalilia. Baadaye akasema, bila kunitazama, "Basi kiangazi kikija, njoo ukae wewe pale mwambani, utuambie lini tufunge mfereji."

Jioni ya siku ya nne nilikuwa Arusha. Daktari naye angeweza kushuka mtoni kutazama kabla hatujang'oa, hakushuka. Lakini yeye aliuliza. Nilichojifunza mimi ni kwamba majani yale niliyapita njia nzima bila kugeuza hata moja, na nilipoulizwa, mara zote mbili nilikuwa na nafasi ya kusema sijui.