Miche yangu 3,200 ilipandwa mara nne, na mdogo wangu alijua

Admin, ficha jina langu. Na wewe unayesoma, ukinitambua, tafadhali nyamaza tu.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, naishi Tassia, hapa Nairobi, na watoto wangu wawili. Nina kitalu cha miche kando ya barabara. Nilianza nikiwa Dandora, sina kitu. Nilikuwa naokota pakiti za maziwa kwenye jaa, naziosha, natoboa chini, najaza udongo na kupanda. Majirani walikuwa wananicheka, "Huyu naye anapanda takataka!" Nikaendelea kupanda. Mpaka leo natumia pakiti hizo hizo, na nina mtindo wangu wa kuhesabu. Kila nikifikisha miche mia, ule wa mwisho pakiti yake naiandika namba kwa kalamu ya maka isiyofutika. Mia ya kwanza ni 1, mia ya pili ni 2, hivyo hivyo. Ukiniuliza kitalu kina miche mingapi, nakujibu nikiwa nimekaa.

Mama yetu alipofariki, mdogo wangu alikuwa darasa la nne. Nitamwita Mercy, si jina lake. Nimemlea mimi, akasoma kwa hii miche mpaka chuo kikuu, akachukua mambo ya mazingira. Kisha akaandikwa kazi na kampuni kubwa ya kuchimba madini, kaunti ya mbali. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba wakimaliza kuchimba mahali, shimo linafukiwa, miti inapandwa, na wenyeji wanarudishiwa mashamba yao. Jamani, nilitembea Tassia nzima nikisema mdogo wangu anaponya ardhi.

Miaka miwili iliyopita akanipigia simu. "Sista, kampuni inataka miche yako. Na iwe kwa hizo pakiti za maziwa, wakubwa wamezipenda sana." Nikapeleka 3,200, migunga na miarobaini. Pakiti ya mwisho iliandikwa 32. Walinilipa vizuri, hapo sina kesi nao.

Mwezi uliopita Mercy alikuja nyumbani na kitabu kizuri cha picha, ripoti ya kampuni, pamoja na barua ya mimi kuweka sahihi. Ripoti ilisema wamepanda miti 12,800 katika maeneo manne.

"Mercy, hii mingine mlitoa wapi?"

"Yote ni yako, sista."

"Mimi nilileta elfu tatu na mia mbili."

"Wewe na hesabu zako! Weka sahihi hapo tunywe chai."

Nikaanza kufungua picha. Eneo la kwanza, mkubwa mmoja wa kampuni ameinama, ameshika mche. Pakiti ina namba 17. Eneo la nne, mwaka mmoja baadaye, mtoto wa shule anatabasamu na mche mkononi. Pakiti ina namba 17. Mche umerefuka, lakini mwandiko ni wangu. Hapo nikapiga hesabu: 3,200 mara nne ni 12,800 kamili. Nani amewahi kupanda miti mingi hivyo na usife hata mmoja?

Sikuweka sahihi. Nilimwambia Mercy aniachie barua niisome. Ijumaa nikapanda basi bila kumwambia, nikaenda mpaka huko machimboni.

Miche niliikuta imesimamishwa kwenye mashimo ikiwa bado ndani ya pakiti. Mtu yeyote anayepanda miti anajua pakiti unaichana kwanza, la sivyo mizizi inajiviringisha humo na mti unakufa. Mama mmoja alikuwa anamwagilia. Nikamuuliza mbona hawatoi pakiti.

"Tuliambiwa tusitoe," akasema. "Hii ni miti ya wageni. Wageni wakishapiga picha, tunaing'oa, lori linaipeleka kwingine. Sasa ukitoa pakiti, utaibebaje?"

"Nani aliwaambia?"

"Si yule madamu mwembamba wa Nairobi. Ni mtu mzuri sana, hatufokei."

Kisha akanionyesha shamba lake. Ni shimo la kina cha ghorofa mbili, maji ya kijani yamesimama chini. Anangoja arudishiwe likishafukiwa, kama alivyoahidiwa.

Niliporudi nilimwita Mercy. Hakukataa. "Mwaka wa kwanza waliniambia ni ya picha tu, miche mingine inakuja. Haikuja, na mimi nilikuwa nimeshaandika ripoti."

Barua ile inasema nilileta miche 12,800 na yote imeshika. Wakaguzi wa serikali wanakuja Jumatano hii. Wakiipata, watathibitisha ardhi imepona, kampuni itaachiliwa iondoke, na hakuna atakayefukia kitu tena.

"Na kila ripoti ina sahihi yangu, sista, si ya mkubwa yeyote. Ukikataa, ni mimi nitashikwa."

Nikamuuliza swali moja: kati ya vitalu vyote vya nchi hii, kwa nini alikuja kwangu? Nilifikiri atasema ni kwa sababu miche yangu ni mizuri. Aliangalia chini, akasema, "Nilijua hata mambo yakiharibika, wewe huwezi kunichoma, hutanisema kwa mtu."

Nimelala na hayo maneno wiki tatu. Nikiweka sahihi, yule mama anakabidhiwa shimo na kuambiwa ni shamba. Nikikataa, mtoto niliyemfunga viatu akienda shule anaingia korokoroni, na wakubwa wake wanaandika mwingine kesho yake.

Leo ni Jumapili. Msiniambie niende kanisani, ndiko nimetoka. Nyinyi mliolea wadogo zenu kama mimi, nishaurini bila kunionea huruma: mngeweka sahihi?