Kiatu cha Kushoto cha Prossy

Pale Koboko, mtu mwenye mguu mmoja mfupi anaelekezwa kwa Keji. Ni mama aliyekuja kutoka Sudan Kusini, fundi viatu kando ya soko. Wenzake wanamwachia kazi ya kupandisha soli kwa sababu inakula subira. Yeye anabandika vipande vya mpira, kimoja juu ya kingine, mpaka mwenye mguu asimame wima.

Asubuhi moja Prossy wa Lobule alimletea kiatu chake cha kushoto; alikuwa anafunga ndoa Arua mchana uleule. Alitaka jambo moja tu: apite katikati ya kanisa bila kuyumba.

Gundi ya siku zote ilikosekana sokoni. Keji alikuwa na kopo jipya, maandishi yote Kizungu. Jimmy, kaka ya Prossy, akamsomea: paka, ngoja mpaka iwe taki, ndiyo ubandike.

"Taki ni nini, mwanangu?"

"Ni kunata, mama. Sawa na stiki."

Keji akagusa. Ilinata kweli. Kidole kilisita kidogo, lakini akaamini kopo. Akabandika, akagonga nyundo. Prossy akavaa, akaenda hatua chache, soli ikateleza upande kama ugali wa moto kwenye sahani.

Nje gari ya harusi ikapiga honi.

"Funga na kamba, twende!" Jimmy akasema.

"Bibi harusi wa kamba? Wewe kaa chini."

"Mama, acha tu," Prossy akasema polepole. "Nitayumba. Watu wamezoea."

"Mimi sijazoea."

Akakwangua gundi yote, akapaka upya pande zote mbili, akaweka juani. Akagusa kwa mgongo wa kidole. Nyuzi za gundi zikamfuata.

"Hii ndiyo stiki yako. Inang'ang'ania mkono kama mtoto anataka sukari. Hiyo haishiki kitu."

Honi ikalia tena. Keji hakugeuka. Alingoja, akagusa, akangoja. Mwishowe gundi ikamshika kidole, kisha ikakiachia kikiwa safi.

"Gusa, Jimmy."

"Eh! Inavuta, lakini hainichafui."

"Basi hiyo ndiyo taki. Kumbe hata Kizungu iko na vidole!"

Jimmy akacheka mpaka akashika tumbo. "Mama, nimekuharibia kazi."

"Wewe ulisoma tu. Kidole kiliniambia, mimi ndiye niliharakisha."

Akakutanisha soli na kiatu mara moja, bila kusogeza, akagonga kuanzia katikati kwenda pembeni. Kisha akaingia garini na nyundo yake, kwa sababu hakuweza kubaki nyuma bila kujua kama soli itashika.

Kanisani Arua alikaa mwisho wa benchi, karibu na njia. Watu walitazama gauni. Keji alitazama mabega. Yalikuja sawasawa, hili halishuki kuliko lile, na Prossy akampita uso juu, bila kuangalia chini hata kidogo.