Gari la Harusi Lisilosimama

Enzi zile za kubana mafuta, Jumapili ikishatimia saa nane mchana, gari la mtu binafsi lilikuwa marufuku barabarani. Hata bibi harusi hakusamehewa. Mdogo wangu alikuwa ameozwa asubuhi nyumbani kwetu Temeke, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumpeleka kwa mumewe Kinondoni kwa kigari cha mjomba, kwa kuwa nilijifunza udereva wa malori nilipopelekwa jeshini kulijenga taifa. Mama aliniagiza neno moja tu: "Mwanangu asiingie ukweni kwa miguu. Watamsema mpaka azeeke."

Tulipofika Ilala nikakanyaga klachi, pedali ikazama moja kwa moja. Waya umekatika! Gari likazima katikati ya barabara, na saa saba na nusu imeshapita.

"Tushuke?" aliuliza shangazi, kamkumbatia bibi harusi aliyefunikwa gubigubi.

"Hatushuki ng'o!"

Nikatia gia namba moja, gari likiwa limezima vilevile, nikazungusha ufunguo. Stata ikalivuta gari zima, likarukaruka kama mbuzi aliyekata kamba, injini ikashika. Shangazi akapiga yowe, mimi nikacheka kwa sauti. Jeshini tulifundishwa kuwa gia husikilizwa, hailazimishwi. Nikaachia mafuta, nikaitoa namba moja, nikasubiri ngurumo ishuke, nikaisukuma mbili kwa vidole. Ikaingia laini! Moyo ulinidunda kwa raha, nikaipandisha tatu. Lakini stata ilikuwa imelia kwa uchovu, na nilijua betri haitatuwasha tena.

"Shangazi, kuanzia hapa hatusimami mpaka mlangoni."

Magomeni nilimpigia honi kila mwenye baiskeli. Tukaingia vichochoro vya Kinondoni, na hapo nikaona nililokuwa nimelisahau kabisa: mawifi. Wamejipanga njia nzima, wametandaza kanga toka ukuta hadi ukuta, kama ilivyo ada, bibi harusi hapiti mpaka watunzwe. Kadiri nilivyopiga honi ndivyo walivyozidi kukata viuno. Walidhani nawachombeza!

Mdogo wangu alikuwa amefundwa siku nyingi: macho chini, mdomo kufumba. Ghafla akajifunua, akatoa kichwa dirishani.

"Wifi zangu, pisheni! Gari halina klachi!"

Akawarushia mtandio wake mpya. Wakatawanyika kwa vigelegele na vicheko, kisha wakatukimbilia nyuma. Nikarudisha gia namba moja, nikakata kona ya mwisho, na gurudumu likazama mchangani. Injini ikafa. Nikazungusha ufunguo: kimya. Mlango wa ukweni tunauona kabisa, na redio ya jirani inatangaza saa nane kamili.

Mdogo wangu akashika kitasa ashuke. Nilitaka kulia.

Wifi mmoja mnene, mtandio ule umeshafika shingoni mwake, akaufunga mlango kwa kiuno.

"Kaa humohumo, wifi! Sie kwetu huingii kwa miguu."

Nikatoa gia. Wakaweka mikono nyuma ya gari, wakaanza wimbo, wakasukuma mpaka kwenye baraza.

Jioni nilirudi Temeke kwa basi. Mama alikuwa bado kakaa mlangoni.

"Kaingiaje?"

"Ndani ya gari, mama."

Akashusha pumzi, akaniambia niende nikale. Habari ya injini iliyotufikisha barazani, kwamba ilikuwa ikiimba, sikuitaja.