Sala Ndefu ya Generose

Dada yangu Generose, Mungu amlaze mahali pema, alikaa miaka tisa katika komite ya afya hapa Luberizi akiwa sauti ya wagonjwa. Ndivyo karatasi ilivyosema. Kazi yenyewe ilikuwa kupanga viti, kutia sahihi kwenye orodha ya waliofika, na kusimama mbele siku ya picha, kwa sababu kitenge chake kilikuwa kizuri.

Alikuwa na ombi moja: maji katika nyumba ya kuzalia. Mwanamke alikuja kujifungua na uchungu tumboni na bidoni ya maji kichwani. Generose mwenyewe alizaa hivyo mara mbili, mtoto mmoja akamzika. Lakini mahitaji ya wagonjwa yalipangwa mwisho wa kikao, na mwisho haukufika kamwe. Fanta ikishagawiwa, wakubwa walikumbuka ng'ombe wao.

"Mama Generose, weye utasema mwezi ujao," ndiyo ilikuwa kauli ya Papa Protais, prezida wa komite.

Walimwachia sala ya kufungua tu. Sala, kwa maoni ya Protais, haina hatari.

Siku daktari mkuu wa zone ya afya alipokuja kusikiliza mpango wa mwaka, Generose alisimama, wote wakafumba macho.

"Ee Bwana uliyetoa maji kwenye mwamba, unajua wamama wetu wanazaa bila hata kikombe cha maji. Unajua mtumishi wako Protais anataka pesa ya mwaka huu ijenge ukuta wa ofisi. Umsamehe, yeye hajazaa."

Mtu alikohoa. Macho yakabaki yamefumbwa. Nani amkatize mtu anayeongea na Mungu?

"Bwana, kama iko mtu hapa anayekataa wamama wafungue robine, maji yatoke, umuonyeshe leo, mbele ya dokta. Kama hayuko, tuseme wote Amina."

"Amina!" Sauti ya Protais ilizidi zote, kwa mazoea.

Daktari alifungua daftari. "Vizuri, mmekubaliana. Tunaanza na robine."

"Dokta, ile ilikuwa sala tu!"

"Na weye uliitika, papa. Ulikuwa unamdanganya nani?"

Robine iliwekwa mwezi wa nane. Presha ilikuwa imemwondoa Generose mwezi wa tano. Siku ya kuzindua, Protais alikata utepe, akasema maji haya ni matunda ya jamii kushirikishwa. Jina la dada yangu hakulitaja. Nilimwomba Mungu anizuie kusema neno baya, alinisaidia nusu.

Sasa nimekaa mimi kwenye kiti chake. Divine, mkunga wetu, ameniambia paa linavuja juu ya vitanda vya wazazi. Nililibeba hilo hadi kikaoni, nikakuta kanuni mpya imebandikwa ukutani: kikao kitafunguliwa na katekista, kwa Baba Yetu peke yake, bila nyongeza.

Kanuni hiyo waliipitisha siku moja, bila kuahirisha.